Ndege Iliyompiga Picha Bibi

Juzi nilimkuta jirani yangu hapa Korogwe ameanika betri mbili za tochi juu ya ukuta, zipate jua, zirudishe nguvu. Ilikuwa miaka mingi sijaona mtu akifanya hivyo. Nikasimama na kapu langu la mboga kama mtu aliyesahau njia ya kwake, na harufu ikanijia ingawa betri zile hazikunuka kitu: harufu ya kutu na chumvi ya betri kuukuu za redio ya Baba, alizokuwa akizipanga juu ya jiwe la kunolea kila asubuhi, na ole wake kuku atakayezipindua. Jirani akaniuliza, "Mama, vipi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu, na nikimkumbuka bibi yangu nakumbuka na jambo nililomfanyia, ndiyo maana huwa simkumbuki kwa hiari.

Ninyi wa rika langu mnaijua miaka ile. Tuliambiwa tuhamie pamoja, tulime pamoja, tupate shule na zahanati na bomba la maji. Sisi tulikuwa wa mwanzo kuhama, huku upande wa Handeni, mbele kidogo ya Kwedizinga, kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari kama matuta ya viazi. Baba alichaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Mama alikuwa akimtania kwamba hakuchaguliwa yeye, ilichaguliwa redio yake, maana ilikuwa moja tu kijiji kizima. Ilikuwa redio ya mbao yenye kitambaa mbele, na waya wake wa kunasia mawimbi ulipanda hadi juu ya mpapai.

Saa saba mchana wanaume walikuwa wakirudi kutoka shambani na kukaa barazani kwetu kusikiliza taarifa ya habari. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na siku zisizo za shule nilikaa kizingitini nikimenya muhogo. Habari yenyewe ilichukua dakika chache. Maoni juu ya habari ndiyo yaliyochukua mchana. Kila mtu alikuwa na neno: juu ya vita vya watu tusiowajua, bei ya pamba, mashine zinazohesabu zenyewe, na zaidi ya yote juu ya ndege. Kwa mambo ya ndege hakuna aliyemzidi Mzee Kibwana. Mzee huyu alikuwa amekata mkonge katika shamba moja la Korogwe miaka mingi kabla ya kurudi kulima, na huko, kwa maelezo yake, mwenye shamba alikuwa akija kwa ndege, nayo ikitua kwenye uwanja wa majani, na siku moja Mzee Kibwana alilishika bawa lake kwa mkono wake huu wa kulia.

"Lilikuwaje?" watu walimwuliza, ingawa walishaambiwa mara ishirini.

"Lina joto," alijibu. "Kama ubavu wa ng'ombe."

Basi mtu aliyeshika bawa utambishia nini? Siku redio ilipozungumzia watu waliokwenda mwezini, Baba alisema ni uongo, maana mwezi wenyewe jana yake ulikuwa mwembamba kama ukucha, wangesimama wapi? Mzee Kibwana akajibu kwamba ndiyo maana walitembea wawili tu, wengine walikosa nafasi. Watu wazima walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mimi sikucheka. Niliona amejibu sawasawa, na tangu siku ile nikamwamini kwa kila kitu chenye mabawa.

Kisha ndege ikaja kweli. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya bati, na siku mbili mfululizo ilipita juu yetu ikienda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayepiga matuta. Watoto tulikimbia nayo mpaka miguu ikatoka damu. Mchana wake barazani hakuna aliyeijali taarifa ya habari.

"Ile inapiga picha," alisema Mzee Kibwana. "Ina kamera tumboni. Picha moja inameza tarafa nzima. Wakishaisafisha wanaitandika mezani, wanahesabu mapaa. Paa, paa, paa. Hata kuku akiwa uani anaonekana."

"Na jogoo na tetea watawajuaje?" Baba aliuliza, huku akiwakonyeza wenzake.

"Jogoo ana kivuli cha mkia, balozi. Wewe cheka tu. Picha haidanganywi. Anayesema hapana na picha inasema ndiyo, huyo ana kesi na serikali."

Baba alicheka pamoja na wengine, lakini mimi niliyemzoea nilisikia kicheko chake kimekatika mapema. Nilijua kwa nini. Nyumbani kwetu tulikuwa na uongo wetu mmoja.

Mama yake Baba, yaani Bibi, hakuhama. Alibaki bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, nyuma ya kilima, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba saba na sasa ilisimama ya kwake peke yake. Alikuwa mfinyanzi. Udongo wake aliuchimba kijitoni, chini ya nyumba, udongo mweusi mzito uliokuwa na harufu ya mvua hata wakati wa kiangazi, na vyungu vyake viliuzwa mpaka Mombo. Babu na watoto wake wawili wa kwanza walizikwa nyuma ya nyumba, na kila alipokuwa akichoma vyungu alitangulia kwenda kule makaburini na unga kidogo kwenye kiganja, akawaambia kazi anayotaka kuifanya. Baba alimwomba ahame, akamsihi, akamletea na wazee wenzake. Bibi alisema, "Nikihama nani atawaamsha hawa?" Hapo Baba akashindwa. Wakubwa walipokuja kuandikisha watu, yeye kama balozi akawaambia mama yake amekwenda Magoma kukaa kwa mtoto wake wa kike. Wakaandika Magoma. Sisi watoto tukaambiwa vivyo hivyo: ukiulizwa, Bibi yuko Magoma.

Kila Jumamosi nilitumwa mimi kumpelekea chumvi na mafuta ya taa. Mimi nilipewa jina lake, kwa hiyo tuliitana somo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vilivyopinda na mdomo usio na breki. Mwenyewe alilia chakula chake kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, na nilipomwuliza kwa nini, akasema wewe hujasikia kwamba mfinyanzi hulia gaeni? Nilipenda kukaa karibu naye akisugua chungu kibichi kwa kigunzi cha hindi, ile sauti ya kusugua taratibu, na bada, ugali wetu wa muhogo, likiiva jikoni. Jumamosi iliyofuata baada ya ndege kupita nilimweleza maneno yote ya Mzee Kibwana. Nilimwambia aingize vyungu ndani, vinaonekana.

"Ndege inione mimi?" alicheka. "Somo, mimi hata mkwe wangu akipita njiani hanioni."

"Ina kamera, Bibi."

"Haya, ina kamera. Na haraka ile yote, itaona nini? Ukitaka kumwona mtu unakaa chini, unakunywa naye maji. Lete udongo huo."

Nilimletea udongo, lakini sikuridhika. Nilimwona ni mtu wa zamani asiyejua mambo. Miaka tisa yangu ile nilikuwa na kiburi cha mtu anayekaa karibu na redio.

Siku ya jambo lenyewe ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tunatoka shule, na chini ya kivuli cha jengo la ushirika ilisimama Landrova. Bwana mmoja wa wilayani, kijana bado, mpole, ana kalamu tatu mfukoni, alikuwa ametandika karatasi kubwa juu ya boneti na kuikandamiza kwa mawe isipeperuke. Tukamzunguka. Tulisema shikamoo kwa pamoja, naye akaitikia vizuri, akatuuliza majina, akatuuliza nani anajua hii ni nini. Mimi nilijua. Nilisema, "Ni picha ya ndege."

Akacheka. "Hee! Umejuaje?"

Sijasahau jinsi moyo wangu ulivyopanda. Leo najua ile ilikuwa ramani tu, ramani ya kuchorwa kwa mkono, ya zamani huenda, yenye barabara na mito na milima, wala haikuwa na kuku wala paa la mtu. Lakini mimi niliona barabara yetu, nikaona kilima, nikafuata kwa macho kijito kinachozunguka nyuma yake, na hapo hapo penye kijito palikuwa na doa jeusi, dogo kama mbegu ya mchicha. Sasa nadhani lilikuwa tone la wino. Siku ile niliona ni paa la Bibi. Picha imemkamata, kama tulivyoambiwa.

Yale mawazo yaliyonipita kichwani nimeyarudia mara nyingi, nikitafuta lile litakalonitetea. Nilifikiri: wanajua. Nilifikiri: Baba amesema Magoma na picha inasema hapa, Baba ana kesi, afadhali niseme kabla hawajamkamata. Hayo niliyafikiri kweli. Lakini lililotangulia kuliko yote hayo, na hili ndilo linaloniuma, ni kwamba nilitaka yule bwana acheke tena na kuniuliza umejuaje. Nikaweka kidole juu ya doa.

"Na huyu ni bibi yangu," nikasema.

Hakucheka. Aliinamia karatasi, akatazama ncha ya kidole changu, akanitazama mimi. Kwa upole uleule akaniuliza, "Bibi yako anakaa hapa?"

"Ndiyo. Si mmemwona?"

"Tumemwona," alisema. Akatoa kalamu moja na kuandika kitu pembeni. Kisha akatupa kila mtoto peremende, na mimi akanipa mbili. Nilizila zote kabla ya kufika nyumbani, wala sikumwambia mtu. Nilitaka Baba ashangae mwenyewe atakapoona hakuna kesi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda bondeni kama kawaida. Bibi alikuwa amefinyanga vyungu tisa vipya, vimepangwa kivulini vikauke. Tulikuwa tumeinama kwenye udongo, mikono yetu myeusi mpaka kwenye viwiko, tuliposikia miguu ya watu wengi. Njia ile ilikuwa ya kupita mtu mmoja mmoja, na mgambo hawakuijua, kwa hiyo walikuwa wamemtanguliza anayeijua. Wa kwanza kutokeza kwenye mabua ya mahindi alikuwa Baba. Nyuma yake mgambo sita, na nyuma yao yule bwana wa kalamu tatu.

Bibi alinyanyuka polepole. Hakuwatazama mgambo. Alimtazama mwanawe.

"Umewaleta," alisema.

"Mama, si mimi. Wamekuja asubuhi, wakaniambia nitangulie."

"Nani anajua niko hapa?"

Baba aligeuka kumtazama yule bwana, na yule bwana, huenda kwa kunihurumia mimi, huenda kwa mzaha tu, akasema, "Mama, tumekuona kwenye picha." Wala hakuniangalia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya chungu cha maji na udongo unanikaukia mikononi.

"Ni ndege, Mama," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Ile ndege ilipiga picha. Wameniambia tangu nyumbani."

"Ndege haina mdomo," alisema Bibi. "Aliyenisema ana mdomo."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Mtu anasema neno moja, "mimi," na mambo yanakwenda njia nyingine. Anapigwa kidogo, analia, Bibi anamfokea, jioni wanakula pamoja. Nilijua hivyo hata siku ile. Nikanyamaza.

Mgambo walitoa vitu vyake nje, wakatia moto paa asije akarudi. Nyasi kavu za zamani zililia sana. Bibi aliomba kwenda nyuma ya nyumba, akaenda na unga wake, akakaa huko kitambo kidogo, na bwana yule, lazima nimtendee haki, aliwazuia watu wasimharakishe. Vile vyungu vibichi havikubebeka. Mvua zilipoanza vilirudi kuwa udongo. Mpaka kwenye Landrova iliyoachwa barabarani Bibi alitembea kwa miguu yake, amenishika mimi mkono, Baba akimfuata nyuma na godoro la majani kichwani.

Kijijini Mzee Kibwana alipata heshima kubwa. Ndege imemwona Bibi kizee nyuma ya kilima! Hata waliokuwa wakimcheka kuhusu bawa lenye joto waliacha kucheka. Baba naye, aliyekuwa mbishi wa barazani, akaanza kueleza watu jinsi kamera ya ndege inavyofanya kazi, akaeleza kwa bidii, akamwita na Mzee Kibwana aje amshuhudie mbele ya mama yake. Katika kijiji chote aliyekuwa hakubali habari za ile ndege alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa sahihi. Na kwa kuwa alikuwa sahihi juu ya ndege, akamhukumu mwanawe. Mwanawe ndiye balozi, ndiye anayeandika majina, ndiye aliyetangulia njiani. Angemdhania nani mwingine?

Alijengewa nyumba ndogo nyuma ya yetu. Akawasha moto wake mwenyewe na hakuonja tena chakula kilichotoka kwenye jiko la Baba, hata Idi. Mama alipika pilau, akapeleka sahani imefunikwa kawa, ikarudi imefunikwa kawa. Alijaribu kufinyanga kwa udongo wa huku barabarani, wenye mchanga mwingi. Vyungu vilipasuka motoni kimoja baada ya kingine, tukavisikia tukiwa ndani, na baada ya hapo hakujaribu tena. Baba alikwenda kila asubuhi kumwamkia. "Shikamoo, Mama." Bibi aliitikia marahaba, kwa kuwa salamu haikataliwi, kisha akageukia ukuta. Alipomwomba radhi, na alimwomba mbele ya wazee, mbele ya shehe, hata siku moja kwa kupiga magoti mimi nikitazama, alimwambia, "Sema kweli kwanza." Baba hakuwa na kweli ya kusema, kweli nilikuwa nayo mimi.

Mimi nilikuwa mtu wake wa pekee. Nilimpikia, nilimwoshea nguo, nililala kwake. Maji akinywa, ni yaliyochotwa na mimi. "Mikono ya somo yangu ni safi," alikuwa akiwaambia wageni. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa kiboko. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilipenda kupendwa vile, na hilo nimechukua miaka mingi kulikiri. Nilipokuwa msichana mkubwa nilijiambia jambo limepita, la nini kulichimbua. Lakini Baba alikuwa akinyauka mbele ya macho yangu. Aliuacha ubalozi. Redio ilipoharibika hakuipeleka kwa fundi.

Bibi alikufa wakati wa mavuno, mchana, kichwa chake mapajani mwangu. Baba alikuwa amesimama mlangoni akisubiri neno. Hakuna aliyenizuia kusema. Hakukuwa na watu wengi, Bibi alikuwa akisikia vizuri, na kabla hajakata roho tulikuwa na saa nzima, hata zaidi. Nilimpangusa jasho tu. Tukamzika kwenye makaburi ya kijiji, kando ya barabara, mbali na mumewe, na Baba akashuka kaburini kumpokea mama yake bila radhi yake.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mimi niliolewa huku Korogwe, nikauza vitenge sokoni, nikazaa, nikawa na wajukuu. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumwuguza. Asubuhi moja aliniita karibu. Miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kushuka kitandani.

"Mwanangu," alisema, "wewe mama alikupenda. Nenda kaburini kwake, ukanitakie radhi. Mwambie mwanao anakuja, na hakukusema."

Nilikwenda. Magari yalikuwa yakipita kwa kasi na vumbi lake likatua kwenye majani niliyokuwa nayang'oa. Nilikaa chini, nikasema kwa sauti, maana niliona aibu kusema kimoyomoyo: Bibi, ni mimi. Baba hakukusema. Nilikusema mimi, kwa peremende mbili. Nililia kama mtoto, mwanamke mzima mwenye mvi, mpaka mpita njia mmoja akasimamisha baiskeli na kunipa pole ya msiba.

Niliporudi Baba alikuwa ameinuliwa, ameegemezwa kwenye mito, macho mlangoni.

"Amesemaje?" aliniuliza.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Nikamtazama ile midomo mikavu, na yale macho yaliyokuwa yakisubiri tangu mimi ni mtoto, nikasema, "Amekuwia radhi, Baba."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka, akautafuta mkono wangu, akaubusu. Siku tatu zilizobaki, kila nilipomnywesha maji, alinishukuru.